Sadaka mnaihesabu, watu je?

SWALI: Mimi ni katibu wa baraza la wazee katika usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) huku milimani, Moshi Vijijini. Miaka kumi iliyopita ibada ya pili ilijaa mpaka watu wakakaa nje chini ya mparachichi. Sasa mabenchi ya nyuma ni matupu. Vijana wanashuka mjini kwenye huduma za maombezi. Kwaya ya vijana imegawanyika kwa ajili ya fedha za kurekodi, na mpiga tarumbeta wetu mmoja amesusa na tarumbeta la usharika liko kwake. Wazee wanataka aandikiwe barua kali. Jengo jipya limefika kwenye lenta, juu ya milango na madirisha, na tunadaiwa nondo na saruji. Wapo wanaosema tufunge siku ishirini na moja tuvunje laana, wengine wanasema tumwombe mkuu wa jimbo atubadilishie mchungaji. Baba mchungaji, wewe umezunguka sharika nyingi. Ni kitu gani hasa kinachoua usharika, na sisi tufanye nini?

JIBU: Mama katibu, Bwana Yesu asifiwe.

Nianze na hilo la kufunga, maana ndilo litakalofanyika nikichelewa kukujibu. Fungeni, sina ugomvi na kufunga. Ila nimewahi kuongoza mfungo wa namna hiyo. Siku ya mwisho tulikemea roho ya mafarakano mpaka koo zikakauka, na waliofarakana walikuwa humo humo kanisani, mmoja benchi la mbele na mwingine karibu na mlango. Hakuna aliyewaita wasimame washikane mikono, nami nikiwamo. Tukatawanyika, kila mtu akaenda kunywa uji wake.

Na mchungaji mwacheni kwanza. Usharika uliobadilishiwa wachungaji watatu ndani ya miaka sita na maneno yakabaki yale yale, mgonjwa si mchungaji.

Sasa twende kwenye mabenchi. Unaniambia watu wamepungua, lakini hukuniambia ni watu gani. Hilo silo kosa lako peke yako. Nimeuliza swali hili kwenye mabaraza mengi, na jibu huwa moja: "Wengi tu, mchungaji." Nikiuliza sadaka ya Jumapili iliyopita, mhazina anafungua daftari na kunitajia mpaka shilingi hamsini. Kwenye matangazo tunasoma: ibada ya kwanza kiasi fulani, ibada ya pili kiasi fulani, Shule ya Jumapili, mnada wa ndizi na mayai, jumla kuu. Mama aliyekuwa analeta hayo mayai ana wiki sita hajaonekana na hakuna ukurasa unaosema hivyo.

Hapo ndipo ninapoona usharika unapoanza kufa. Wizi, zinaa ya kiongozi na ugomvi wa kwaya huja baadaye na kuonekana zaidi, lakini kabla ya hayo yote usharika ulikuwa umezoea kuhesabu fedha na ukasahau kuhesabu watu.

Nalisema nikiwa mkosaji. Katika usharika mmoja niliokuwa nikiuongoza, tulikuwa tunajenga kama nyinyi. Kila Jumapili nilisimama madhabahuni na karatasi ya ahadi. Alikuwapo mzee mmoja wa benchi la tatu upande wa kulia, mwenye koti la kahawia, aliyependa kuanzisha pambio kabla mwalimu wa kwaya hajafungua kitabu. Alipokoma kuja sikugundua. Nilikuja kujua siku nilipoitwa kumzika. Pale kwenye kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, mbele ya jeneza, binti yake akaniambia taratibu kwamba baba aliacha kuja tangu jina lake liliposomwa kati ya wasiomaliza ahadi. Alikuwa ameuza mbuzi kwa ajili ya dawa za mama yao. Muda huo wote alikuwa akiimba yale mapambio peke yake jikoni. Nilihubiri siku ile, lakini sikumbuki nilihubiri nini.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ninayokupa ni ya kikatibu, na unaiweza. Chukua kitabu cha kipaimara cha miaka mitano iliyopita, darasa moja tu, na kaa na wazee wa mitaa wawili au watatu wanaojua nyumba za watu. Kila jina mliulizie: huyu yuko wapi? Mtapata mafungu manne. Wapo waliopo na wanaabudu. Wapo waliohama kwenda Dar, Arusha, Dodoma. Wapo waliokwenda makanisa mengine. Na wapo walio nyumbani, wanaosikia kengele kila Jumapili na hawaendi popote. Mafungu haya ni magonjwa tofauti, na mnapoyaita yote "watu wamepungua" mnampa mwenye malaria dawa ya jino.

Fungu la waliohama litakushangaza kwa ukubwa, na hilo si dhambi ya mtu yeyote. Kihamba cha babu kikigawanywa kwa wajukuu wanane hakuna anayebaki na mgomba wa kumtosha. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Kilimanjaro una watu 1,640,087. Ya 2022 ikahesabu 1,861,934. Katika miaka hiyo hiyo Arusha ilitoka 1,694,310 ikafika 2,356,255. Ongezeko la Arusha ni karibu mara tatu ya letu. Vijana wenu hawakumkimbia Mungu, wamefuata kazi. Kinachouliza dhamiri ni kama waliondoka na barua ya utambulisho mkononi na jina la mchungaji wa huko waendako, au walipanda gari la Noah alfajiri na usharika ukajua baada ya miezi minane.

Na hapa nikutahadharishe kuhusu Desemba. Desemba humdanganya mchungaji wa milimani kuliko mwezi mwingine wowote. Wana wanarudi na magari, kanisa linafurika, harambee inavuka lengo, na kila mtu anasema usharika uko hai. Jengo lenu, nadhani, lilipimwa kwa macho ya Desemba. Ninajua sharika zilizojenga kanisa la watu elfu moja na mia mbili kwa ahadi za wana wa mjini, kisha bibi mia moja na themanini wa Machi wakaachiwa deni. Ushauri wangu kuhusu jengo ni mfupi: simamisheni ujenzi hapo kwenye lenta, lipeni nondo na saruji, na mwaka mzima lisitajwe madhabahuni. Lenta haiozi.

Wale wa fungu la nne, walio nyumbani wasiokwenda popote, ndio wanaoniumiza. Ukiwafuatilia utakuta wengi ni watoto wa kike. Unaijua hadithi yenyewe. Binti wa kwaya anapata mimba. Anaitwa mbele ya baraza, wazee kumi na mbili na yeye mmoja. Anawekwa chini ya marudi, yaani adhabu ya kanisa, anavuliwa joho la kwaya, hashiriki Meza ya Bwana mpaka arudi kundini mbele ya watu wote. Kijana aliyempa mimba, ambaye mara nyingi anajulikana mpaka na watoto wa Shule ya Jumapili, anaendelea kupiga gitaa. Sipingi marudi. Kanisa lisiloonya mtu halimpendi mtu. Lakini marudi yanayomwona mmoja kati ya wawili yanafundisha usharika mzima kwamba sheria ni ya wasio na mtetezi. Binti yule siku akisikia kwamba mjini kuna mahali watamwita kwa jina lake, watamwekea mikono, watamwombea huku analia, na hawatamuuliza mtoto ni wa nani, unafikiri atabaki milimani kusubiri siku ya kurudi kundini?

Ndiyo maana nasita kuwalaumu wanaoshuka mjini. Zipo huduma huko zinazouza maji na mafuta, na hizo nimezisema hadharani na nitazisema tena. Lakini niliwahi kumuuliza kijana mmoja amefuata nini. Nilitegemea aniambie miujiza au vyombo vya muziki. Akaniambia, "Jumapili ya kwanza nisipoenda, kuna mtu ananipigia simu." Kumbe alipata kule kitu ambacho sisi ndio tulikuwa mabingwa wake.

Tulikuwa, kwa sababu mlima huu ulilijua jambo hili mapema. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893. Bruno Gutmann, aliyekuja 1902 na kufanya kazi yake kubwa Old Moshi, aliona kwamba Mchagga hasimami peke yake. Anasimama na ukoo, na majirani, na rika lake. Akajaribu kuujenga usharika juu ya mihimili hiyo mitatu, na vijana wa kipaimara akawafunga wenzi kwa wenzi ili kila mmoja awe na wa kumuuliza. Alikosolewa, na kwa haki, kwamba aliipenda mila ya Wachagga kuliko Wachagga vijana wenyewe waliotaka shule na biashara ya kahawa. Lakini mara mbili, baada ya Vita Kuu ya Kwanza na tena wakati wa Vita ya Pili, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na sharika hazikufa. Walimu na wainjilisti wenyeji walizishika. Hawakuwa na magari wala fedha. Walijua nani ni nani, nyumba kwa nyumba, mfereji kwa mfereji.

Majirani zetu Wakatoliki nao, maaskofu wao wa Afrika Mashariki waliposhikilia mpango wa jumuiya ndogo ndogo miaka ya 1970, walikuwa wanatafuta kitu hicho hicho. Sisi tuna ibada za mitaa na za nyumba kwa nyumba. Chombo tunacho. Tatizo ni kwamba pengine hata huko mtaani tumegeuka kituo cha kukusanyia michango: nusu saa ya Neno, saa nzima ya bahasha. Mtu asiye na elfu mbili anajifungia ndani akisikia tunapiga hodi.

Nije kwenye fedha, maana kwaya yenu imegawanyika hapo, na deni la jengo liko hapo. Watu husema fedha ndiyo inayoharibu makanisa. Mimi naona kinachoharibu ni fedha inayotangazwa inapoingia na kunyamaziwa inapotoka. Mnasoma mapato kila Jumapili. Matumizi mnayasoma lini? Kama ni kwenye mkutano mkuu mara moja kwa mwaka, saa nane mchana watu wakiwa na njaa, basi hamsomi. Angalia Paulo alipochangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, katika 2 Wakorintho 8. Mtume huyo aliyeona maono, ambaye angeweza kusema "niaminini", alikataa kubeba fedha peke yake. Akaambatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, akaeleza na sababu: mtu asije akawalaumu katika ukarimu ule. Kama Paulo hakujiamini kiasi hicho, mhazina wenu aliyekaa miaka kumi na minne kwa sababu "ni mtu mwaminifu" naye apumzishwe kwa heshima. Ni kumhurumia. Mtu mwaminifu asiye na mkaguzi hana ushahidi wa uaminifu wake siku akisingiziwa.

Kwaya ya vijana waulizeni swali moja tu: akaunti ya fedha za kurekodi ilikuwa ya nani? Karibu kila mgogoro wa kwaya niliosuluhisha, chini yake kulikuwa na kwaya iliyokwisha kuwa usharika ndani ya usharika. Ina mwenyekiti wake, mfuko wake, sare zake, safari zake, na inakuja ibadani kama mgeni mwalikwa: inaimba nyimbo mbili, inatoka nje wakati wa mahubiri. Msianze kwa kutafuta mwizi. Waite viongozi wa pande zote mbili pamoja, siku moja, chumba kimoja, pawe na mzee wa mtaa mwingine asiye na mtoto kwenye kwaya hiyo, na risiti mezani. Kisha mfuko uingie kwenye hesabu za usharika. Watanuna miezi mitatu. Vumilieni.

Liko jambo hukuliandika lakini nalisoma katikati ya mistari yako. Umesema "wapo wanaosema", "wengine wanasema". Wanasemea wapi? Si kwenye kikao, wewe ndiye unayeandika muhtasari na ungekuwa nayo. Wanasemea getini baada ya ibada, kwenye kundi la WhatsApp lisilo na mchungaji ndani, na pengine kwenye barua isiyo na jina inayosukumwa chini ya mlango wa ofisi ya jimbo. Barua hizi nimezipokea nyingi na ninazijua kwa harufu. Huwa zina ukweli fulani, na huwa haziponyi kitu, kwa sababu hakuna wa kusimama nazo. Paulo alipowaandikia Wakorintho kuhusu mafarakano yao hakusema "nimesikia fununu". Alisema nimearifiwa na watu wa nyumbani mwa Kloe. Watu wale walikubali majina yao yasomwe mbele ya kanisa lile lile walilolisemea, na bado warudi wakakae nao. Usharika ambao mtu anaweza kusema jambo na jina lake likiwa juu, kisha Jumapili akasalimiwa kama kawaida, huo hata ukiwa na watu arobaini ni mzima.

Na viongozi nao wajifunze kusikia. Katika Matendo 6 Wayahudi wa Kiyunani walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuuliza nani anaanzisha chokochoko. Walikubali kwamba kuna wajane wamesahauliwa, wakawaambia ndugu wachague watu saba, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Yaani inaelekea mfuko walikabidhiwa wale wale walionung'unika. Jaribu kulipeleka wazo hilo kwenye baraza lenu, uone watakavyokohoa.

Kuhusu mchungaji wako nitasema kidogo, kwa sababu simjui. Kama ana mitaa mitano, mazishi mawili kwa wiki, vikao vya jimbo na pikipiki mbovu, hawezi kuwajua watu, hata mkimbadilisha kwa mwingine. Yethro alimwambia mkwewe Musa atachoka kabisa, yeye na watu walio pamoja naye. Mnaikumbuka sehemu ya Musa kuchoka, ya watu kuchoka mnaisahau. Kila mzee wa kanisa apewe kaya ishirini, ziandikwe kwenye daftari kwa majina, na kila kikao cha baraza kabla ya ajenda ya fedha kianze na swali moja: nani hatujamwona mwezi huu, na nani amekwenda kwake? Hilo ndilo badiliko ninalokuomba ulisimamie hata kama mengine yote yatashindikana. Kikao cha kwanza kitakuwa cha aibu, wazee watagundua hawajui watoto wa majirani zao wanaitwa nani. Cha tatu kitakuwa kirefu, na fedha itakosa muda. Iache ikose. Na hesabu yako ya watu usiianze Desemba. Anza Jumapili ya tatu ya Februari, mvua bado, ada za shule zimeshakomba mifuko, wageni wamekwisha kuondoka. Hao utakaowakuta ndio usharika wako.

Limebaki la kijana wa tarumbeta. Baraza linataka barua kali. Nakusihi barua hiyo isiandikwe. Mtu aliyesusa kabisa angelirudisha tarumbeta kwa mkono wa mtoto, alitupe kwenye kibaraza cha ofisi, asionekane tena. Huyu amekaa nalo. Analipangusa, nadhani, na huenda jioni analipiga kidogo majirani wakamsikia, waulize. Mama katibu, nenda wewe mwenyewe, usimtume mwinjilisti. Nenda siku ya kazi akisharudi, saa kumi na mbili na nusu hivi, ukae jikoni kwa mama yake mpaka aingie. Mwulize habari za kazi. Habari za tarumbeta usiulize.